Kitabu cha Fundi na Dhamana ya Mwenye Chombo

Mtu akikabidhi chombo chake kwa fundi, akalipa ujira wote bila ya kupunguza, kisha chombo kile kikaharibika njiani na kumdhuru abiria asiye na hatia, je, ameondokewa na dhamana mbele ya Mola wake na mbele ya waja, au dhamana ile imebaki shingoni mwake ingawa mkono uliokosea si wake? Swali hili si geni kwa wanavyuoni, maana walilijadili tangu zamani katika habari za washoni, watia rangi wa nguo, matabibu na wenye mashua. Lakini sisi tuliojaliwa kuishi katika zama za injini tumeliacha lilale, kana kwamba chuma kina sharia yake mbali na sharia ya nguo na ya dawa. Nalileta mbele ya wasomaji kwa habari ya pikipiki, na nalileta kutoka ufuo wa Ziwa Mweru, huko Nchelenge katika jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwa sababu huko lina jawabu moja kwa aliye na kitabu cha matengenezo na jawabu jingine kwa asiye nacho, na tofauti ya majawabu hayo mawili imenikosesha raha.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 130 hivi, na uso wake umeinuka zaidi ya mita 900 juu ya bahari. Mto Luapula huingia kwa kusini, na maji hutoka kwa kaskazini hapo Pweto yakiitwa Luvua, yakishika njia ya Mto Kongo. Ng'ambo ya magharibi ni Kongo. Upande wa mashariki ni Zambia, na hapo ndipo ilipo miji ya Nchelenge na Kashikishi, iliyoshikana hata mgeni asijue mmoja umeishia wapi. Riziki kubwa ya mahali hapo ni samaki, na hasa chisense, dagaa wa ziwa hilo, wanaovuliwa usiku kwa taa, wakaanikwa juani juu ya mchanga, wakatiwa maguniani na kusafirishwa hata miji ya migodi ya shaba. Wenyeji husema Kibemba, lakini Kiswahili nacho kimekanyaga ardhi hiyo zamani: misafara ya watu wa pwani ilimfikia mfalme Mwata Kazembe katika karne ya kumi na tisa, na Livingstone alipoliona ziwa hili mwezi wa Novemba 1867 alikuwa amesafiri pamoja na wafanyabiashara wa pwani, akamkuta kwa Kazembe mtu aitwaye Mohammed bin Saleh, ambaye alikuwa amekwisha kukaa huko miaka mingi. Katika zama zetu Kiswahili cha Katanga husikika kila siku ng'ambo ya ziwa, na machafuko ya mwaka 2017 yaliwavusha maelfu ya Wakongo kuingia Zambia, hata mwaka 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge ili kuwapokea. Basi anayeandika kwa Kiswahili habari za Nchelenge haandiki habari za watu wa mbali.

Pikipiki zinazopita katika barabara ya bonde la Luapula na katika vinjia vya mchanga vya ufuoni, zikibeba watu na magunia, aghalabu zimetoka China na India, na katika zile za China nyingi zina injini ambayo nasaba yake inarudi kwenye Honda CG125 iliyotolewa katikati ya miaka ya 1970. Nasaba hii inafaa isimuliwe, maana ndani yake mna jambo la kufikiriwa sana. Wahandisi wa Honda walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi za Asia na kwingineko pikipiki hupakiwa kupita kiasi, tena oili yake haibadilishwi mpaka mashine yenyewe ikatae kwenda. Na injini walizokuwa wakizitengeneza, ambazo kamshafti yake imewekwa juu kwenye silinda hedi, hazikustahimili mwenendo huo. Wakaunda injini nyingine. Kamshafti wakaishusha chini karibu na oili, valvu wakaziendesha kwa fito za kusukuma, na cheni ya gurudumu la nyuma wakaifunika yote kwa bati ili vumbi na matope yasiifikie. Yaani walimuundia mashine mtu ambaye walikwisha kukata shauri kwamba hatasoma kitabu. Viwanda vya China vikaiga umbo hilo, na leo wazao wake wamejaa Afrika nzima. Mimi naiona kazi hiyo kuwa ni rehema kubwa, na naiona pia kuwa imebeba dhana mbaya juu ya mwanadamu, kwa maana uvumilivu wa chuma kile ulimpa mwenye pikipiki muhula, na wengi wakauchukua muhula kuwa ni ruhusa.

Lakini hata injini hiyo yenye subira haikuweza kusamehe kila kitu. Baina ya ncha ya valvu na chuma kinachoisukuma, ambacho mafundi hukiita roka, sharti pawe na nafasi ndogo, na kazi ya kuiweka nafasi hiyo sawa ndiyo wanayoiita kuseti tapeti. Kitabu cha CG125 kinataka nafasi ya milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Ni nafasi nyembamba kuliko karatasi ya kuandikia barua. Mtazame mwenye pikipiki aliyeketi uani kwake asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, amefungua kifuniko cha juu na kifuniko cha magineti, anaizungusha injini kwa spana polepole mpaka ile herufi T iliyochorwa kwenye magineti ikabiliane na alama ya kwenye bodi. Kitabu kimemwambia kwamba hapo pistoni imefika juu kabisa. Ni kweli, ila pistoni hufika juu mara mbili katika kila zamu moja ya kazi ya injini, mara ikishindilia hewa na petroli, na mara ikisukuma moshi utoke, na valvu zote mbili hupumzika katika mara ile ya kushindilia peke yake. Jicho halitambui tofauti, maana herufi ni ile ile na mahali ni pale pale. Anayetambua ni kidole: huzishika roka na kuzitikisa, na zikicheza kidogo hujua kwamba amefika, zikiwa zimebana, huizungusha injini duru moja kamili na kujaribu tena. Kisha huuchukua ule ubamba mwembamba wa fila geji na kuupitisha kwenye nafasi, naye anatakiwa ausikie ukikwaruza kidogo. Hicho kidogo ni kiasi gani? Hakuna kitabu kilichoweza kukisema. Hata akishapata, bado hajamaliza, kwa kuwa nati ya kufungia ikikazwa huuvuta msumari wa tapeti pamoja nayo, na kipimo alichokisifu punde kimekwisha kuharibika mkononi mwake. Sharti aushike msumari huku akikaza nati, kisha apime upya.

Anayetaka kudai kwamba kitabu peke yake chamtosha mtu, na ajibu kwanza habari ya hiyo T. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake aliyoiandika mwaka 1377, alikwisha kubainisha kwamba ufundi ni tabia inayojikita katika nafsi kwa kurudiarudia tendo, na kwamba mtu anayejifunza kwa kushuhudia kwa macho hupata tabia iliyo timilifu zaidi kuliko anayejifunza kwa kuhadithiwa. Sina neno la kumpinga. Kijana wa Kashikishi aliyekaa chini ya mwembe wa fundi akimshikia spana, hata kama hajapata kuona ukurasa mmoja wa kitabu, anajua mambo ambayo msomaji wa kurasa zote hayajui, na haki yake asinyimwe.

Hata hivyo kazi hiyo hiyo ya tapeti ina upande wa pili, na huo umenifanya niamini kwamba mkono nao, ukiachwa peke yake, hudanganyika. Nafasi ikizidi, valvu hupiga kelele ya kugongagonga ambayo kila mpita njia huisikia. Nafasi ikikosekana, injini hunyamaza, huwa laini, hupendeza masikioni. Na kunyamaza huko ndiko kwenye hatari. Injini ikipata moto valvu hurefuka, ikakosa kukaa barabara mahali pake, na moto wa petroli ukapenya ukingoni na kuula ukingo ule siku baada ya siku, hata asubuhi moja mtu akapiga kiki mpaka jasho limtoke na pikipiki isiwake, kwa kuwa hakuna tena mshindilio ndani ya silinda. Kelele haimuui mtu upesi wala haiui injini upesi. Ukimya huiua injini. Lakini mteja huchukia kelele, na fundi anayetaka kumridhisha hukaza msumari mpaka kelele iishe, na mteja huenda zake akimwombea dua. Hapo masikio mawili yamekubaliana juu ya kosa, la fundi na la mteja, na miaka ya uzoefu wao imelithibitisha, na shahidi pekee aliyesimama kuwakanusha ni ile tarakimu ya 0.08 iliyo katika ukurasa. Sijui hoja iliyo bora kuliko hii kwa manufaa ya kitabu.

Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206 huko Diyarbakir, akieleza ndani yake vyombo 50, alikuwa fundi kwa mikono yake, na alishuku kila ilimu ya ufundi ambayo haijajaribiwa kwa vitendo. Juu ya hayo hakuacha kuandika, kipande kwa kipande, kwa vipimo na kwa michoro, ili ajaye baada yake aweze kukiunda chombo kile. Kwa nini mtu anayeuamini mkono wake kiasi hicho ahangaike na wino? Watu husema ni kwa sababu mkono hufa na mwenyewe, na hayo ni kweli. Mimi naongeza sababu nyingine, kwamba mkono hauulizwi hoja yake. Mwenye pikipiki akimwuliza fundi, “Fundi, nafasi ya tapeti umeiacha kiasi gani?” naye akajibu, “Ya kutosha, mzee, wewe endesha tu,” mazungumzo yamekwisha. Muulizaji hana la kuongeza, naye fundi, ambaye huenda ni mwaminifu kabisa, hana njia ya kuuonyesha uaminifu wake. Kitabu kikiwapo baina yao, swali lile lile hupata jawabu linaloweza kupimwa, na heshima ya fundi mwema hujitenga na ujanja wa fundi mbaya.

Sasa na turudi kwa mafakihi. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali alikuwa akiwatoza mafundi dhamana ya mali za watu wanazokabidhiwa, kwa kuchelea kwamba pasipo hilo mali za watu zitapotea. Na katika hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Abu Daud, anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu huwajibika kwa madhara anayoyaleta. Lakini katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi ni mwaminiwa, na mwaminiwa hatozwi ila akibainika kuwa amefanya taksiri, yaani uzembe. Naona kauli hii ina insafu, kwa kuwa haimkandamizi mnyonge anayetafuta riziki yake kwa spana chache. Ila taksiri hiyo itabainika kwa kitu gani? Mtu hawezi kuitwa mzembe wa kipimo mahali ambapo hakuna kipimo kinachojulikana. Pale ambapo kila fundi ana “ya kutosha” yake, hakuna taksiri wala hakuna uangalifu. Pana bahati tu, na mwenye kudhurika hana wa kumshitaki wala mwenye kudhuru hana wa kumtetea. Kitabu kinachojulikana na pande zote mbili ndicho kinachoiwezesha sharia kusema neno lolote katika jambo hili.

Na kwa mwenye chombo mwenyewe hali ni hiyo hiyo. Wanavyuoni wamemruhusu mtu wa kawaida afuate taklidi, yaani aikubali kauli ya mjuzi bila ya kuijua dalili yake, maana si kila mtu aweza kuwa mwanachuoni. Lakini hawakumruhusu amfuate yeyote tu anayevaa kilemba. Sharti ajitahidi kumtambua aliye mwaminifu na aliye mjuzi, na kujitahidi huko ni kwake yeye wala hakumhusu mwingine. Mwenye pikipiki mbele ya fundi yuko katika daraja hiyo. Halazimiki kujua kila kitu, lakini analazimika kujua kiasi cha kumwezesha kuchagua, na kiasi hicho ndicho kitabu cha matengenezo ya nyumbani kinachompa: kwamba oili ina muda wake, kwamba cheni ina kiasi chake cha kulegea katikati ya sproketi mbili, kwamba plagi ina nafasi yake, kwamba breki shuu zina mpaka ambao zikiuvuka haziaminiki tena. Akishayajua hayo kisha akamkabidhi chombo fundi anayeyafuata, na madhara yakatokea, mimi nasema ameondokewa na dhamana. Akiwa angeweza kuyajua kwa lugha anayoifahamu na kwa bei anayoiweza, naye akapuuza, nasema dhamana ingali shingoni mwake, na risiti ya fundi haitamfaa kitu.

Wako watakaoniambia kwamba ajali ni kudra. Sibishani nao juu ya kudra. Nawakumbusha tu kisa cha mtu mmoja kilichomo katika mkusanyiko wa hadithi wa Tirmidhi, aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, akaamrishwa na Mtume afanye yote mawili, kufunga kwanza. Wakristo, ambao ndio wengi wa Nchelenge, nao wanalo somo la talanta katika Injili ya Mathayo, na yule aliyeifukia yake ardhini hakuiba wala hakuiharibu. Alilaumiwa kwa kuiacha bila kuitumikia.

Lakini nilisema kwamba jawabu hugawanyika mawili, na sehemu ya pili ndiyo nzito. Kitabu kinachokuja pamoja na pikipiki, kikija, huandikwa kwa Kiingereza, mara nyingine kwa Kichina. Ng'ambo ya ziwa lugha ya shule ni Kifaransa. Mkongo wa Mantapala anayesema Kiswahili nyumbani kwake, na mvuvi wa Kashikishi anayesema Kibemba, wote wawili wamezungukwa na lugha tatu za vitabu ambazo hakuna hata moja wanayoiotea ndoto. Mtu hutozwa kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo wa kujua haupo pale ambapo maneno ya kujulia hayakuandikwa. Kwa hiyo yeye ana udhuru. Lakini udhuru wake hauifuti dhamana, huihamisha. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa ilimu wa Ihya yake alizihesabu miongoni mwa fardhi kifaya kazi ambazo dunia ya watu haisimami ila kwazo, utabibu, hesabu, kilimo, ufumaji, hata ushoni. Na maana ya fardhi kifaya ni kwamba mmoja akiifanya inatosha kwa wote, na wote wakiiacha, dhambi huwaenea wenye kuiweza. Nchi ambamo mtoto mgonjwa hupelekwa zahanati juu ya tandiko la pikipiki haina haki ya kuiacha ilimu ya breki nje ya hesabu hiyo. Basi dhamana iliyomwondoka mvuvi wa Kashikishi imetuangukia sisi tunaojua lugha mbili: walimu, waandishi, wachapaji, wauza pikipiki, viongozi wa misikiti na wa makanisa, na kila fundi anayejua kusoma.

Wala kazi yenyewe si ya kutisha. Hapatakiwi tafsiri ya kitabu kizima cha kiwanda, chenye kurasa za kupasua bodi na kupima gia. Patakiwa kitabu chepesi, chenye michoro mikubwa, kwa Kiswahili ukurasa huu na kwa Kibemba ukurasa unaoukabili, kikieleza oili, cheni, plagi, kichujio cha hewa ambacho mchanga wa ufuoni hukiziba upesi, breki, na tapeti; na katika habari ya tapeti kiseme waziwazi kwamba alama ya T huja mara mbili, na kwamba injini inayonyamaza ghafula baada ya kutengenezwa yafaa ipimwe tena. Wakati wa kukisoma nao upo. Tangu mwanzo wa Desemba mpaka mwisho wa Februari serikali ya Zambia hupiga marufuku uvuvi ili samaki wazaliane, na hiyo ni miezi ya mvua, ambapo magunia ni machache, njia ni matope, na chombo kina nafasi ya kukaa nyumbani kimefunguliwa.

Nimesikia wengine wakihofu kwamba kitabu cha namna hiyo kitawanyang'anya mafundi riziki, na hofu hiyo nisingependa kuipita, kwa kuwa riziki ya fundi ni haki yake. Kuna kazi ambazo hakuna mwenye nyumba mwenye akili atakayezigusa: kung'oa magineti kunahitaji pula, kubadilisha bearingi za kranki kunahitaji bodi ipasuliwe, na kusaga viti vya valvu kunahitaji mkono uliokwisha kuvisaga vingi. Kitabu kilichoandikwa kwa uaminifu huziandika kazi hizo pia, kila moja kwa mstari mmoja, na katika mstari huo humwambia msomaji aweke spana chini na kuipeleka pikipiki kwa fundi. Aliyezoea kupima mwenyewe nafasi ya tapeti ndiye atakayeugundua mapema ukingo wa valvu unaoliwa, naye atamfikia fundi wakati ambapo ni valvu moja ya kununua, kabla injini nzima haijafa na pikipiki kugeuka chuma chakavu ambacho hakuna fundi atakayelipwa kukitengeneza.